Kila Ukiulizwa, Bonyeza Ndiyo

Nataka niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilisomea mambo ya forodha. Lakini miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi yetu ya uwakala wa mizigo kule Kilindini, mashine ya kuchapisha iligoma, nikaizima, nikaiwasha, ikafanya kazi, na tangu siku hiyo nimekuwa fundi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Simu ya mtu ikikwama, mimi. Televisheni ya jirani ikipoteza chaneli, mimi. Na ule ujumbe mdogo unaochomoza pembeni mwa skrini, unaosema kuna toleo jipya la programu, je, liwekwe sasa au baadaye, ujumbe huo umeninyima raha kuliko kitu kingine chochote katika maisha yangu ya utu uzima.

Mbele ya ujumbe ule watu ni wa aina mbili tu, na aina zote mbili zinanichosha. Tajiri wetu ofisini, mzee Muislamu wa Kihindi ambaye babake ndiye aliyeianzisha biashara, hataki kitu chochote kibadilishwe. "Si inafanya kazi? Wacha basi," ndiyo fatwa yake, na kompyuta yake ina programu ambazo waliozitengeneza huenda wamekwisha kustaafu. Nikimweleza kwamba programu kuukuu zina matundu, na matundu hayo ndiyo wanayopitia wezi, ananitazama kama mtu anayetaka kumuuzia bima. Karani mwenzangu, dada wa bara aliyekuja Mombasa kufuata kazi ya bandari, yeye hubonyeza kila kitu. Chochote kinachowaka, kinachorukaruka, kinachosema HARAKA, ameshakibonyeza, kisha ananiita kwa sauti ya upole: "Kaka, hebu njoo uone, imekuwa buluu yote." Mara moja aliweka toleo jipya asubuhi tuliyokuwa na makontena ya kutoa, mtandao tunaojazia hati ukakataa kumtambua, na madereva wa malori wakashinda dirishani wakitutukania wazazi.

Mimi nina utaratibu wangu, ambao hakuna anayeufuata. Toleo likitoka leo, siligusi leo. Nawaacha wenye pupa waungue kwanza, halafu nasoma vilio vyao. Kama ni la kuziba tundu, nangoja siku chache tu, kwa kuwa mwizi naye hangoji. Kama ni la kuleta sura mpya, vitufe vya mviringo badala ya vya pembe, laweza kukaa mpaka nizeeke. Siweki kitu Ijumaa, wala siku ya kuamkia sikukuu. Kila kilichomo nakitolea nakala kwanza, na naanzia kwenye kompyuta ambayo ikifa hakuna atakayelia. Haya nimeyaeleza mara nyingi, kwa lugha nyepesi, kwa subira, mpaka kwa kuchora. Watu hutikisa vichwa, husema mashallah, wakaenda zao kubonyeza.

Sasa, msikiti. Msikiti wa mtaa wetu wa Mji wa Kale ni mdogo, umebanwa baina ya nyumba mbili, na ukiwa ukumbini kwetu unasikia hata viatu vikivuliwa mlangoni. Miaka mitatu iliyopita mfadhili mmoja alituletea kompyuta na skrini ya kutundika ukutani. Skrini ile inaonyesha nyakati za swala zote tano na inahesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika kumi, tisa, nane. Muadhini wetu ndiye mtunzaji wa msikiti pia. Namwita ami, ingawa si ndugu wa babangu; ni wa rika lake, na ndivyo tulivyolelewa. Zamani ami alikuwa na jedwali la karatasi lililobandikwa karibu na mihrabu, na saa ya mkononi aliyoirekebisha kila Ijumaa. Ilipokuja skrini, jedwali likabanduliwa. Nilimwomba aliache. Alinijibu kwamba ukuta umepakwa rangi mpya na hautaki makaratasi. Na kwa sababu ami anasoma Kiarabu vizuri kuliko lugha yoyote nyingine ya kwenye kompyuta, niliiweka programu ile izungumze Kiarabu. Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Ramadhani hiyo ninayoisimulia, programu ya nyakati ilianza kuomba toleo jipya siku ya nne ya mwezi. Nilisoma habari zake. Lilikuwa la kuziba tundu, na tundu lenyewe lilikuwa la kweli, si porojo. Msikiti hurusha darsa za Ramadhani kwenye mtandao, kwa hiyo kompyuta ile imeunganishwa saa zote. Hata hivyo nilimwambia ami tungoje mpaka baada ya Idd. Akakubali. Tatizo ni kwamba programu yenyewe haikukubali. Ilitoa utepe mwekundu chini ya skrini, na kila siku utepe ukazidi kupanda, mpaka ukaifunika saa ya isha. Basi ikawa kila nikipita: "Bwana, ule wekundu vipi?" "Ndugu yetu, yule mdudu kwenye skrini umemwona?" Mzee mmoja alinisimamisha nikiwa nimebeba kilo mbili za viazi, akanieleza kwa kirefu kwamba rangi nyekundu inamtoa kwenye swala. Nikasema haya, nitalijaribu. Nikaliweka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, yenye programu hiyohiyo, nikaliangalia siku mbili. Halikuharibu kitu. Mji ulibaki Mombasa, saa zikabaki sawa. Nikaamua kwamba ni salama. Uamuzi huo niliufanya mimi, na hakuna aliyenishika mkono.

Hapo inabidi nimlete mama. Ndani ya nyumba tumebaki mimi na yeye. Ana ugonjwa wa sukari, na masikio yake yamepungua sana; simu huisikia kwa kuibana kwenye sikio la kulia, sauti ikiwa imepandishwa mpaka mwisho. Kwa Ramadhani mbili daktari alikuwa amemkataza kufunga. Alilisha maskini badala ya kila siku aliyokula, kama sheria inavyomruhusu, na alilifanya jambo hilo kwa uchungu usiofichika. Mama yangu alifunga tangu akiwa mtoto wa kuficha maji mdomoni. Kukaa mezani mchana wa Ramadhani, peke yake, mbele ya sahani, kulimwaibisha kana kwamba amekamatwa. Alikuwa akifunga mlango wa jikoni ili nisimwone anavyokula.

Mwaka huo alimwandama daktari mpaka daktari akachoka. Kila tukienda kwake Kizingo, mama anafungua mazungumzo hayohayo. Mwishowe akapewa siku moja. Moja tu, na kwa masharti: apime sukari adhuhuri na alasiri, ikishuka chini ya nne afungue papo hapo bila kubishana, na mimi nipigiwe simu kila anapopima. Mama alichagua Alhamisi ya juma la pili. Aliizungumzia siku hiyo kama bibi harusi. Alitoa leso mpya ambayo alikuwa ameiweka kabatini tangu Idd ya nyuma.

Alhamisi hiyo nilikwenda kazini roho juu. Adhuhuri akanipigia: sita nukta mbili. "Sina ndaa wala kiu," akasema, "weye fanya kazi zako." Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nilimwambia alale. Hakulala, najua, kwa sababu nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Mtu aliyefunga siku moja tu katika miaka mitatu alikuwa akinipikia mimi mbaazi.

Alasiri ilipokwisha swaliwa akanipigia tena. Nne nukta nne.

"Fungua, mama," nikamwambia.

"Daktari alisema chini ya nne. Hini ni juu ya nne."

"Imebaki kidogo sana."

"Na jua pia limebaki kidogo sana. Ndoo nyumbani, uje unione mwenyewe."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Karani mwenzangu, ambaye ni Mkristo lakini Ramadhani huijua ratiba yetu kuliko baadhi yetu, akaniambia niende, atazifunga hati yeye. Niko ngazini, simu ikalia tena. Ami.

Ami hawezi kuanza na shida yake. Ni mtu wa heshima, na heshima ina mpangilio.

"Asalamu alaikum."

"Waalaikumu salamu, ami."

"Masalkheri. U hali gani?"

"Alhamdulillahi, ami, niko njiani."

"Funga yaendaje?"

"Yaenda, ami."

"Na mama hajambo? Nasikia leo naye amefunga. Mwenyezi Mungu amkubalie. Na kazi kule bandarini?"

Nilikuwa nikishuka ngazi tatu tatu. Mwisho akafika kwenye jambo lenyewe: ameketi mbele ya kompyuta ya msikiti, kwa kuwa nilimwahidi leo ndiyo siku, watu watakuja kufuturu na ule wekundu haupendezi, na yeye ameshabonyeza penye "weka sasa" kama nilivyomfundisha, ila sasa mashine imeanza kumuuliza maswali. Nipite nimsaidie?

Ningeweza kupita. Msikiti na nyumba yetu ni hatua chache. Ningeweza kumwambia ami asimamishe kila kitu, asubiri mpaka kesho. Ningeweza hata kumwambia anisomee maswali moja moja. Lakini kichwani nilikuwa na nne nukta nne, na nikamwambia, kwa sauti ambayo sikupaswa kumtolea mtu mzima: "Ami, ni maswali ya kawaida. Kila ukiulizwa, bonyeza ndiyo."

"Yote?"

"Yote, ami. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka yaishe."

Nilimkuta mama ameketi ukumbini na leso yake mpya, uso umemkauka, mikono ameificha chini ya leso. Nikataka kumpima, akakataa. Alisema amekwisha pima mara mbili kama alivyoahidi, na ya tatu haikuwamo kwenye masharti. Nikaweka tende mbele yake, maji, uji wa pilipili manga usio na sukari. Mimi nikaketi nikitazama tende ile. Sijawahi kulingoja jua hivyo. Nilikuwa nikilisukuma kwa macho.

Ami akaadhini. Spika ya msikiti iko mkabala na dirisha letu, na sauti yake ikaingia yote. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado. Si sana, dakika chache, lakini ilikuwa bado, na niliiona. Nikajiambia kwamba saa ile betri yake ya zamani, kwamba skrini ya msikiti ndiyo yenye hesabu sahihi, tena imetoka kupata toleo jipya leo hii. Mama alikuwa akinitazama mdomo, kwa sababu adhana haisikii tena, anangoja nimwambie.

"Imeadhiniwa?"

"Imeadhiniwa, mama. Kula."

Akasoma dua yake, akala tende, akanywa maji. Akafumba macho. Nilihisi raha ambayo siwezi kuieleza. Alipomaliza uji, rangi ikamrudia, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kumpigia dada yake wa Lamu. "Nimefunga!" alipiga ukelele, kwa kuwa watu wasiosikia vizuri hudhani wenzao nao hawasikii. "Ee! Mpaka mwisho! Miye mwenyewe!"

Hapo ndipo nikaisikia adhana ya msikiti wa pili. Kisha wa tatu. Kisha Mji wa Kale wote, kila upande, kwa pamoja, kama inavyokuwa kila siku, ila leo sisi tulikuwa tumeshakula. Nilikuwa na sambusa mkononi. Mama hakusikia chochote. Aliendelea kumweleza dada yake jinsi adhuhuri ilivyompita bila kuhisi.

Nilikimbilia msikitini. Ami alikuwa amesimama chini ya skrini, mikono kichwani, na watu wamemzunguka. Utepe mwekundu ulikuwa umeondoka, nakubali. Juu ya skrini, mahali palipokuwa pameandikwa Mombasa, paliandikwa Makka.

"Ami, hii imekujaje?"

"Iliniuliza."

"Ikakuuliza nini?"

"Iliniuliza mji. Ikaandika, Makka Tukufu, kwa hati nzuri kabisa, halafu ikauliza: ndiyo au siyo?" Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeonewa. "Sasa mimi, Muislamu, nina udhu, niko ndani ya msikiti, mwezi wa Ramadhani, naulizwa Makka, nibonyeze siyo?"

Kompyuta ya msikiti ni kuukuu kuliko yangu; toleo jipya lilikuwa limeifuta mipangilio yake yote na kurudi kwenye mji wa asili wa programu, jambo ambalo kwangu halikutokea. Na Makka, kwa bahati mbaya yetu, saa yake ni saa yetu, na siku zile jua lake hutua kabla ya letu kwa dakika tano hivi. Lingekuwa limetutupa Jakarta, hata mtoto angegundua. Nilirudisha Mombasa kwa kubonyeza mara nne. Nyuma yangu bwana mmoja alikuwa ameanza kuwaeleza wenzake kwamba kwa kweli, ukifikiria, saa za Makka ndizo zenye baraka zaidi, na huenda ni sisi tuliokuwa tukichelewa miaka yote. Nilitaka kumrushia kibodi.

Baada ya swala imamu alisimama, akazungumza kwa utulivu. Hakuna mwenye dhambi, alisema, kwa kuwa hakuna aliyekusudia. Lakini jua lilikuwa halijatua, na aliyefungua kwa adhana yetu ana siku ya kulipa. Watu wakaguna, wakatawanyika. Siku moja kwa mtu mzima mwenye afya ni kitu gani? Wataifunga baada ya Idd, wataisahau.

Nilifikiria kunyamaza. Nakiri hilo. Mama hakusikia adhana za pili, na furaha yake ilikuwa ikivuma nyumba nzima. Lakini kesho yake kulikuwa na darsa la wanawake, na katika mtaa wetu habari haihitaji intaneti. Nikapiga moyo konde, nikaketi mbele yake mahali anapoweza kuniona mdomo.

"Mama, adhana ya leo ilikuwa na kasoro. Ilitoka mapema."

"Mapema vipi?"

"Dakika tano. Jua lilikuwa halijatua."

Aliipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Si weye ulonambia nile?"

"Ni mimi."

"Uliangalia saa?"

"Niliangalia."

"Ikasemaje?"

"Ilisema bado."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kama amewahi kunitazama hivyo, hata nilipokuwa mtoto mtukutu. "Saa yasema bado," akasema polepole, "na weye waona bado, nawe wanambia nile."

Nilianza kumweleza. Nilimweleza habari za tundu, na utepe mwekundu, na jinsi nilivyolijaribu toleo siku mbili, na kwamba kompyuta ya msikiti ni ya zamani. Nilikuwa nikijisikia nikizungumza, na kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililofaa kitu. Alininyamazisha kwa mkono. Akachukua simu, akampigia tena dada yake.

"Haikuwa," akamwambia. Alisikiliza kidogo. "La, si miye. Miye niliweza." Kisha akakata simu, akavua leso yake mpya, akaikunja vizuri, akaenda nayo chumbani.

Juma lililofuata nilimpeleka kwa daktari. Mama aliniachia mimi niombe siku nyingine. Daktari aliuliza alasiri ilikuwa ngapi, na nilipomwambia nne nukta nne alivua miwani. Akasema alitupa siku moja, na siku hiyo ilikaribia kumwangusha mama yangu, na hatoi nyingine. Nikajaribu kumweleza kuhusu zile dakika tano. Daktari, ambaye ni mtu mwema, alisikitika kwa dhati, lakini yeye anatibu sukari. Tukarudi nyumbani tukiwa tumekaa kwenye tuktuk kila mtu anatazama upande wake.

Ami amelibandika tena jedwali la karatasi, juu ya rangi mpya, kwa gundi isiyobanduka. Skrini bado ipo, na juzi amenipigia, baada ya salamu zote, kuniarifu kwamba umetokea utepe mwingine, wa manjano. Nitakwenda mwenyewe. Nitakaa mbele ya skrini na kusoma kila swali mpaka mwisho, neno kwa neno, hata wanaosubiri wakiguna, na sitamwambia mtu yeyote tena abonyeze chochote. Ofisini nimekuwa mkali mpaka dada wa bara ameacha kuniita kaka kwa siku kadhaa. Tajiri anafurahi; anadhani hatimaye nimekuja upande wake. Sijawa upande wake. Programu kuukuu bado zina matundu, na mimi bado nina hasira.

Mama hajambo, alhamdulillahi. Anapima, anakula kwa wakati, na mlango wa jikoni anaufunga kama zamani. Siku ya Idd walikuja wageni wengi, na mmoja wao, mke wa binamu yangu, ambaye hana habari ya lolote, alimuuliza kwa wema kama mwaka huu aliruhusiwa kufunga hata kidogo. Mama aliweka kikombe chini. Akajibu kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka njiani:

"Nilifunga siku moja, kasoro dakika tano."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alinitazama, akaniambia nimmiminie mgeni kahawa.